Gari la Uani

Kazi yake ilikuwa kutengeneza meno ya bandia. Alikuwa na chumba kidogo nyuma ya kliniki ya meno, chenye benchi refu, tanuri dogo, mashine ya kung'arishia, na rafu ya mataya ya plasta yaliyoukenulia ukuta mchana kutwa. Wagonjwa hawakumjua. Walimjua daktari aliyewachungulia midomoni, wakadhani ndiye aliyewachongea na meno pia. Hilo halikumsumbua. Alipenda kazi isiyopigiwa kelele, na alipenda zaidi ile saa jino linapokubali rangi, likafanana na jirani yake mpaka mwenye mdomo mwenyewe akashindwa kusema lipi lake na lipi la kubandikwa.

Pale kliniki walimwita Fundi Meno, na jina hilo likamfuata hadi kwenye mambo ya magari.

Hayo ya magari yalianza kama mzaha. Jirani yake mmoja alikuwa na gari bovu la zamani, dogo, la milango minne, lenye taa za duara na nyuma iliyochongoka kidogo. Lilikuwa limeegemea ukuta miaka nenda miaka rudi, majani yameota mpaka ndani ya boneti. Mke wa jirani alitaka pale mahali pawe bustani. Mama mkwe wa jirani alitaka meno. Fundi Meno akatengeneza meno, ya juu na ya chini, na gari likaburutwa kwa kamba hadi uani kwake. Kaka yake mkubwa alipokuja kumjulia hali alilizunguka, mikono nyuma, kama mtu aliyeonyeshwa maiti asiyoitambua.

"Hili la nini?" akauliza.

"La kutengeneza."

"Ukishalitengeneza ulipeleke wapi?"

"Barabara itakakokwenda."

"Mdogo wangu, umri huu wenzako wananunua viwanja."

"Kiwanja hakina magurudumu, kaka."

Kaka akacheka bila kutaka, akaingia ndani kunywa chai, na suala la gari halikuzungumzwa tena siku hiyo. Alijua kwamba mdogo wake huyu, dada yake, ameachika zamani, hana mtoto, na jioni zake ni ndefu. Kama kipande cha bati kingemfupishia jioni, basi na kifupishe.

Fundi Meno alijifunza kuchomelea kwa fundi mageti wa mtaa wa pili, akajifunza kupiga msasa mpaka vidole vikapoteza alama, akang'oa kutu, akabandika bati jipya palipooza. Lakini gari la zamani halitaki mikono tu, linataka spea, na spea za gari lile zilikuwa zimekoma kutengenezwa tangu yeye akiwa shule ya msingi. Ndipo akaambiwa kuhusu watu wa Jumapili.

Watu wa Jumapili walikutana asubuhi kwenye uwanja wa kuoshea magari. Walitandika maturubai chini na kupanga vitu vyao: taa, vitasa, vioo vya pembeni, honi zilizokauka sauti, pete na mabomba ambayo mtu mwingine angeyatupia jalalani akiwa hata hajaangalia. Pesa haikupendwa pale. Mtu aliyetaka kitu aliulizwa kwanza, "Wewe umeleta nini?" Mabishano yalikuwa marefu na matamu. Wanaume wazima walining'iniza bampa juu wakalitazama dhidi ya jua kama watu wanaotafuta mtoto anafanana na nani.

Fundi Meno alipotokea mara ya kwanza walidhani amemfuata mumewe.

"Umemkosa, dada, huenda ameondoka," mmoja akamwambia kwa huruma.

"Natafuta kitasa cha mlango wa nyuma, upande wa kushoto," akasema. Wote wakageuka kumtazama.

Aliyemkaribisha alikuwa mzee mmoja mwembamba, karani mstaafu wa benki, aliyeitwa Kabureta kwa sababu alikuwa nazo nyingi kuliko mtu yeyote aliyemfahamu. Zilikuwa sebuleni kwake, kabatini, chini ya meza ya kulia. Mkewe alikuwa amezifukuza chumbani tu, na hata hapo ilibidi mashemeji waitwe. Siku ile Kabureta alikuwa amekata tamaa kwa sababu ya kitufe kimoja cha dashibodi kilichopasuka, kidogo kama kifundo cha kidole, ambacho dunia nzima haikuwa nacho tena. Fundi Meno akakichukua kwenye kiganja, akakigeuza.

"Nipe hadi Jumapili ijayo."

Alikinyoosha kwa nta, akakitia kwenye plasta, akakimimina kwa vifaa vilevile anavyomiminia meno. Cha kwanza kilitoka cha waridi kama ufizi, akakitupa. Cha pili kilitoka cheusi, kinang'aa, na herufi yake ndogo imekaa pale pale. Kabureta alipokiona alivua miwani, akaifuta, akaivaa upya. Kuanzia hapo Fundi Meno hakuulizwa tena ameleta nini. Walimpangia foleni na vitufe vyao, vishikio vya vioo, vifuniko vya taa, na yeye akarudi nyumbani na milango, bawaba, rejeta, viti. Gari likaanza kufanana na gari.

Vitu viwili vilimshinda. Kimoja ni kioo cha mbele, kwa sababu kilipinda pembeni kwa namna ambayo hakuna fundi vioo aliyekubali hata kujaribu. Cha pili ni usukani. Gari lile lilikuwa na usukani mwembamba, mpana, wa rangi ya maziwa, na lake lilikuwa limebaki na fimbo tupu.

Siku moja Kabureta akamjia kliniki, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Aliingia kwa mlango wa nyuma akiwa na vumbi kichwani.

"Nilikuwa juu ya paa la mkwe wangu, natazama tangi la maji," akasema. "Nikageuka. Dada, nyuma ya ukuta wa jirani yake kuna gari kama lako. Kioo kizima. Usukani mzima. Vinametameta utasema vimetoka kiwandani jana."

"Umeongea na mwenyewe?"

"Nimeongea na nani? Nimeshuka ngazi nikaja hapa. Hata tangi sijalifunga."

Wakaenda pamoja jioni ile. Aliyewafungulia geti alikuwa mwanamke mnene aliyeanza kuzeeka, khanga imefungwa kifuani, macho mekundu ya mtu asiyelala vizuri. Mtaa mzima ulimwita Mama Pacha, kwa ajili ya wanawe wawili waliokuwa mbali kikazi. Kabureta alianza kuzunguka kwa maneno, akasifia ua, akasifia hali ya hewa. Mama Pacha akamkatisha.

"Mmekuja kwa ajili ya gari. Lichukueni. Lote. Hata leo."

Fundi Meno hakutegemea iwe rahisi hivyo. Akafuata nyuma ya Mama Pacha, wakapita jikoni, wakatokea uani, na pale akaliona gari, na ndani yake akamwona mtu.

Alikuwa mzee amekaa kwenye kiti cha dereva, shati limepigwa pasi, nywele zimechanwa, mikono yote miwili juu ya usukani. Mwili wa gari ulikuwa umeliwa na kutu hadi sakafu inaonyesha udongo, matairi yamezama chini. Lakini kioo, usukani, vitasa na kila kilichoweza kung'arishwa kwa kitambaa kilikuwa kinang'aa. Mzee alimtazama Fundi Meno kupitia dirisha.

"Unakwenda wapi, mama?"

Fundi Meno akamgeukia Mama Pacha.

"Mjibu tu," Mama Pacha akasema kwa sauti ya uchovu. "Usipomjibu atauliza mpaka magharibi."

"Hospitali, baba," Fundi Meno akasema, kwa kuwa kazini kwake ndiko kulikomjia akilini.

"Ingia. Mlango huo unavutwa kwanza, ndipo unasukumwa."

Akaingia, akatafuta mahali pa kuweka miguu pasipo na tundu. Mzee alitazama kioo cha juu, akatazama kulia, akaingiza gia, akaachia klachi taratibu. Gari halikuwa na injini wala betri, lakini Fundi Meno alijikuta ameshika ukingo wa kiti. Mzee alikata kona kwa mkono mmoja. Akasimama kupisha watoto wa shule. Mahali fulani akapunguza mwendo, akasema hapa pana shimo, na kweli akalikwepa. Aliuliza kama mgonjwa ni mtu wa karibu. Aliposikia kwamba hakuna mgonjwa, ni kazi tu, akasema basi Mungu ashukuriwe, maana safari nyingi za hospitali si nzuri, na yeye huwa hapigi honi akiwa na mtu analia nyuma. Kisha akasimama, akavuta breki ya mkono.

"Tumefika. Angalia unaposhuka, pana maji."

Fundi Meno alishuka akiangalia maji. Kabureta, aliyekuwa amesimama kando ya ukuta, alijifanya anakagua kamba ya kuanikia nguo.

Jikoni Mama Pacha akawapa chai na kuwaeleza. Mumewe alikuwa dereva wa teksi maisha yake yote, na gari hilo ndilo lililosomesha pacha. Alipostaafu alianza kusahau. Kwanza majina, halafu njia, halafu chakula. Gari peke yake hakulisahau. Alfajiri anavaa, anatoka, anakaa humo. Jua likiwa kali hataki kutoka, ana abiria. Mvua ikinyesha vivyo hivyo. Alishaungua mkono kwa bati la mlango. Mguu wake ulishazama kwenye tundu la sakafu, jeraha likachukua miezi kupona.

"Namlisha dirishani kama askari wa lindo," Mama Pacha akasema. "Usiku anaamka kuuliza funguo ziko wapi. Wanangu wanapiga simu, wanasema uza, mama. Watu wakija hapa wanamwangalia yeye, wanafuta machozi, wanakwenda zao. Mimi hakuna aliyewahi kuniuliza kama nimelala."

Fundi Meno alitaka kumuuliza hapo hapo, lakini aliona lingekuwa swali la kuombwa. Akamaliza chai yake.

Njiani Kabureta akasema, "Mwenye nyumba amesema chukueni. Tunangoja nini?"

"Mwenye gari hajasema."

"Mwenye gari anakupeleka hospitali kwa gari lisilo na injini, dada yangu."

Hilo lilikuwa kweli, na kwa siku kadhaa Fundi Meno aliligeuzageuza kichwani akiwa benchini, huku mataya yanamkenulia. Mwishowe akakata shauri la katikati, ambalo lilimwonekea la haki kabisa. Atachukua kidogo kidogo, na kila atakachochukua atakirudishia mfano wake. Mzee hatapungukiwa na kitu, yeye atapata vya asili. Mama Pacha alipoelezwa, na kuahidiwa kwamba mzee hatajua, aliinua mabega. Alikuwa anataka gari zima litoke, lakini kama ndivyo wanavyotaka watu wa magari, basi.

Kioo kilitoka siku ambayo mzee alipelekwa kupimwa shinikizo la damu. Waliutoa mpira wake kwa uangalifu, Kabureta akiomba dua chinichini, wakaweka mahali pake plastiki angavu iliyokatwa kwa umbo lile lile. Mzee aliporudi aliketi, akatazama mbele, akasema, "Leo kioo kimeoshwa vizuri." Wote watatu wakashusha pumzi. Baadaye vitasa, vishikio vya madirisha, utepe wa kung'aa wa ubavuni. Fundi Meno alimimina mifano yake, akaipaka, akaing'arisha, na mzee hakusema neno.

Ukabaki usukani.

Huo aliufanya kwa muda mrefu kuliko kitu chochote alichowahi kumimina. Alichukua chuma cha usukani mwingine uliopasuka, akakitengenezea umbo la nta, akatafuta ile rangi ya maziwa kwa kuchanganya poda zake za meno, kwa kuwa rangi hiyo aliijua vizuri kuliko mtu yeyote. Ulipokamilika aliupeleka uani kwa mzee usiku, mzee akiwa ndani, akauweka kando ya ule wa asili mbele ya Kabureta, akamwambia achague ulio wa asili. Kabureta akachagua, akakosea. Fundi Meno akajisikia vizuri sana siku ile. Ingekuwa rahisi kuuweka huo wake kwenye gari lake na kumwachia mzee wa kwake. Lakini maonyesho ya magari ya kale, ambako alikuwa ameshajiandikisha, yalikuwa yanakaribia, na ya asili ni ya asili. Kila mtu wa Jumapili angekuambia hivyo. Zaidi ya hayo, vya nyuma vyote vilipita bila neno. Kwa nini hiki kisipite?

Akaubadilisha.

Kesho yake mchana simu ikaita kliniki. Ilikuwa sauti ya Mama Pacha, tulivu kuliko kawaida.

"Ametoka," akasema. "Alikaa ndani ya gari, akashika usukani, akauachia. Akauliza hili gari la nani. Nikamwambia lako. Akasema hapana, hili la watu, langu liko wapi. Nimekwenda kutoa sufuria jikoni, nimerudi, geti liko wazi."

Fundi Meno alitoka na aproni yake. Alimpitia Kabureta, wakagawana mitaa. Jua lilikuwa la utosi. Alipita kwenye maduka akiuliza kama wamemwona mzee wa shati la pasi. Mwingine alisema kaelekea huku, mwingine kule. Alipita stendi, akapita kituo cha mafuta. Kila gari dogo lililoegeshwa lilimshtua. Alijiona mjinga kwa kukimbia na viatu vya kazini, halafu akaona haya kwa kufikiria viatu.

Walimkuta kwenye maegesho ya soko, ambako Kabureta naye alikuwa amefika. Alikuwa amekaa kwenye kigogo cha zege, kandambili moja mguuni, nyingine haipo, midomo imekauka. Kando yake alisimama askari wa mlango aliyemfunika kwa kivuli cha mwavuli wake.

"Amekuwa akichungulia magari," askari akaeleza. "Anaingiza mkono dirishani, anagusa usukani, anaomba radhi, anakwenda la pili. Watu walitaka kumpiga, wakidhani mwizi. Nikawaambia mwizi gani anaomba radhi?"

Fundi Meno akapiga magoti mbele yake. "Baba, twende nyumbani."

Mzee alimtazama bila kumtambua. "Wameniibia gari, mama," akasema. "Nina watoto wawili wanasoma."

Akaonyesha mikono yake, viganja juu, kana kwamba ushahidi uko humo. Fundi Meno akaviona vidole gumba vya mzee, vilivyobapa upande wa ndani, akakumbuka kwamba ule usukani wa asili ulikuwa na vibonde viwili, kushoto na kulia, laini kama ndani ya kijiko. Alikuwa ameviona alipokuwa anachukua vipimo. Alivihesabu kuwa kasoro, akavijaza.

Walimrudisha mzee kwa gari la Kabureta, na wakati Mama Pacha akimwosha miguu, Fundi Meno alikwenda kwake mbio, akaufungua usukani kutoka gari lake, akarudi nao kifuani kama mtoto mchanga. Kwa haraka spana ikamponyoka mara kadhaa. Alipomaliza, mzee alitoka ndani, akaketi, akashika. Vidole gumba vikaingia mahali pake. Akainua macho, akaanza kutazama kioo cha juu.

Mama Pacha alikuwa mlangoni mwa jikoni, beseni mkononi.

"Ulisema hatajua," akasema.

"Nilisema, mama. Nisamehe."

Mama Pacha akamwaga maji, akaingia ndani. Hakumfukuza, lakini hakumkaribisha chai.

Baada ya hapo Fundi Meno hakwenda tena kule. Kila alipopanga kwenda alipata kazi ya kufanya. Alimaliza gari. Kioo cha asili kilikaa vizuri, rangi ya kijani kibichi ikashika, injini iliyokusanywa kutoka kwa watu wa Jumapili wasiopungua nusu ikakohoa, ikanyamaza, ikakohoa tena, na asubuhi moja ikaamka kweli, majirani wakatoka nje kutazama. Mbele ya dereva aliweka ule usukani wa kumimina.

Kwenye maonyesho, mwamuzi alilizunguka gari huku akitikisa kichwa kwa furaha. Alifungua boneti, akasifu. Alipofika ndani akaugonga usukani kwa ukucha, akasikiliza, akaugonga tena.

"Huu si wa asili."

"Si wa asili," Fundi Meno akakubali.

Akatoka mikono mitupu. Zawadi ilikwenda kwa pikapu moja ya bluu ambayo Kabureta aliisema vibaya njia nzima.

"Mshindi ungekuwa wewe," akalalamika. "Ule usukani unaujua ulipo. Mzee wa watu hata hatambui leo ni siku gani. Ungemsubiri, ungemwomba yule mama taratibu, ungekuwa nao leo."

"Unatumika," Fundi Meno akasema.

Kabureta akatazama nje ya dirisha. Akasema kwamba pikapu yenyewe hata taa zake hazikuwa sawa.

Jumamosi iliyofuata Fundi Meno akapiga moyo konde. Aliendesha gari mpaka kule, akaliegesha mbele ya geti, akakaa ndani akitafuta maneno. Geti likafunguka kabla hajayapata. Mama Pacha alikuwa amekonda.

"Nilidhani umeshapata ulichotaka," akasema.

"Niliona haya, mama."

"Haya hainifulii mashuka." Akalitazama gari kutoka mbele hadi nyuma. Kwa muda usoni mwake pakapita kitu kingine. Labda aliliona lile la zamani, mumewe kijana, pacha wamebanana nyuma na mikoba ya shule. "Linatembea?"

"Linatembea. Nimekuja kuwachukua, kama mtapenda. Tuzunguke kidogo."

"Hatakubali. Hatoki kwenye lake."

Lakini mzee alikuwa ameshasikia muungurumo. Alitokea kwa kuzunguka nyumba, anafuta mikono kwa kitambaa, akasimama pembeni akisikiliza kwa kichwa kilichoinama. Hakuliita gari lake. Alilitazama kama dereva anavyolitazama la dereva mwenzake, kwa heshima na wivu kidogo.

"Mapigo ya injini yapo juu sana," akamwambia Fundi Meno. "Litakunywa mafuta yote. Punguza robo."

Fundi Meno akafungua boneti, akalegeza skrubu robo mzunguko. Injini ikatulia.

"Sasa," mzee akasema. "Wewe mgeni kwenye hii kazi?"

"Mgeni, baba. Nilikuwa naomba unionyeshe njia."

Mzee akafikiri. Akatazama nyuma, uani, kama mtu anayepima atapoteza abiria wangapi. Kisha akazunguka upande wa pili, akavuta mlango kwanza ndipo akausukuma, akakaa. Mama Pacha alibaki amesimama getini, mkono mdomoni. Fundi Meno akamfungulia mlango wa nyuma.

"Mama, na wewe."

"Mimi nina nguo zimelowekwa."

"Zitaendelea kulowa."

Akapanda. Wakaondoka polepole. Mzee aliuliza leseni, akaonyeshwa, akaridhika. Alimwambia Fundi Meno asikanyage klachi pasipo sababu, asimfuate mwenye lori kwa karibu, asibishane na askari wa barabarani kabla ya saa nne kwa sababu bado hajanywa chai. Wakati mwingine alimwelekeza kwenye mitaa ambayo haikuwepo tena, wakajikuta wamefika ukutani, na Fundi Meno akarudi nyuma bila kumsahihisha. Usukani wa kumimina ulikuwa laini kupita kiasi, ulimteleza kidogo kwenye kona. Aliona kwamba ungehitaji miaka.

Karibu na barabara ya mzunguko mzee akamgusa mkono.

"Hapa pana matuta. Pita taratibu. Nyuma kuna mtu amelala."

Fundi Meno akatazama kwenye kioo. Mama Pacha alikuwa amelalia pembe ya kiti, mdomo wazi, mtandio umeanguka begani, amelala usingizi mzito. Hakuamka kwenye matuta. Hakuamka walipopita reli, wala walipoingia kituo cha mafuta na kijana wa pampu akauliza kwa sauti kubwa kiasi gani. Mzee alimnyamazisha kijana kwa kidole. Walipofika karibu na nyumbani Fundi Meno alipunguza mwendo ili asimame, lakini mzee akatikisa kichwa, akaonyesha mbele kwa kidevu. Wakapita geti. Wakazunguka tena mtaa ule ule, na mtaa wa pili, na kule kwenye uwanja wa kuoshea magari ambako Kabureta, aliyekuwa peke yake na ndoo, aliinua mkono na kuuacha hewani.

Jua lilipoanza kupoa ndipo wakasimama. Mama Pacha alizinduka kwa ule ukimya wa injini. Akajifuta mdomo, akajiweka sawa mtandio, akatazama saa yake, akaitazama tena.

"Mmeniacha nilale saa zote hizi?" akasema kwa ukali. "Na nguo zangu?"

Mzee alikuwa ameshashuka, anazunguka gari akikagua matairi kwa ncha ya kiatu, moja baada ya jingine. Mama Pacha akashuka kwa shida, ameshika kiuno. Alisimama kidogo kando ya dirisha la Fundi Meno, uso una alama ya mshono wa kiti shavuni.

"Jumamosi ijayo utakuja?"

"Nitakuja, mama."

"Basi nitabeba mto," akasema, akaenda kufungua geti.